Joto la Kiwandani Lijulikane Kabla ya Upasuaji

Vipandikizi vya nyonga, taya na uti wa mgongo vinavyotengenezwa kwa leza hunadiwa kwa tarakimu moja: nguvu ya metali yake. Tarakimu hiyo yaweza kuwa ya kweli, lakini ni nusu ya habari. Nguvu ya aloi, yaani mchanganyiko wa metali mbalimbali, haitenganishwi na joto inamotumika wala na joto lililoijenga.

Kuhusu joto la matumizi, mfano mzuri ni aloi za elementi nyingi zilizotangazwa mwaka 2004 na watafiti wa Uingereza na Taiwan. Mojawapo huchanganya kromu, manganisi, chuma, kobalti na nikeli kwa viwango sawa. Ikipozwa hadi nyuzijoto 196 chini ya sifuri, huongezeka nguvu na, tofauti na metali nyingi, huvutika zaidi kabla ya kukatika. Ikipashwa moto kwa mamia ya nyuzi, hulegea.

Mwili wa binadamu hauna mabadiliko makubwa kiasi hicho. Nyuzijoto 37 za mwili, hata 134 za mtambo wa kutakasa vifaa kwa mvuke, haziidhoofishi aloi ya titani, alumini na vanadi inayotumika sana katika tiba ya mifupa. Ndiyo sababu ni rahisi kuridhika mapema. Hatari kubwa imo katika joto la kiwandani.

Leza huyeyusha unga wa aloi hiyo, tabaka juu ya tabaka, kwa joto linalopita nyuzi 1,600. Kisha metali huganda kufumba na kufumbua. Kupoa huko kwa ghafla huipa nguvu inayoweza kupita megapaskali 1,000, lakini huacha mkazo ndani yake na kupunguza uwezo wake wa kuvutika. Kipande kikirudishwa katika tanuri lisilo na hewa, mara nyingi kwenye nyuzi zinazokaribia 800, nguvu hupungua kiasi, mkazo hutulia, na metali huweza kupinda kidogo bila kupasuka. Kwa nyonga inayobeba uzito wa mwili takriban mara milioni moja kwa mwaka, badiliko hilo ni faida, kwani nyufa hupenda kuanzia penye mkazo na vitundu.

Basi kipandikizi chenye tarakimu kubwa zaidi si lazima kiwe bora zaidi. Kamati za ununuzi za hospitali zinapaswa kudai hati inayoonyesha kipande kilipashwa joto gani, kwa muda gani, vitundu vyake vilizibwa vipi, na kilistahimili mizunguko mingapi ya mzigo. Itasemwa kwamba hilo huongeza makaratasi. Ni kweli; lakini mtengenezaji makini huwa na kumbukumbu hizo tayari, na kuziomba ni gharama ndogo kuliko kumrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji ili kuondoa chuma kilichovunjika ndani ya mfupa wake.