Damu ya imbwa yako iko kwa jirani

Ndugu wakulima, tunajua kuko atakayecheka: watu wenyewe wanakosa damu hospitali, na sisi tunaandika juu ya damu ya imbwa? Acheke. Lakini atuambie nani anafukuza nguruwe wa pori katika mahindi yake wakati yeye analala.

Msimu uliopita mwenzetu mumoja alipoteza imbwa. Kupe zilimujaa masikioni, mukojo ukakuwa mwekundu, fizi zikakuwa nyeupe kama unga wa muhogo. Tuliita veterineri siku ya 4, tulichelewa. Alisema dawa ya babesioze anayo, lakini damu imepungua sana, dawa peke yake haitatosha. Akauliza: kuko imbwa ingine kubwa, nzima, isiyo na kupe, itoe damu? Tulizunguka kijiji kizima. Hatukuipata.

Kutia imbwa damu si uchawi. Mara ya kwanza, mara nyingi mugonjwa anapokea damu ya imbwa ingine bila shida kubwa. Mara ya pili ndiyo ya hatari, lazima veterineri apime kwanza kama damu hizo zinapatana. (Damu ya mbuzi ao ya mutu, hapana kabisa!) Lakini imbwa yenye kutoa ikiwa na ugonjwa wa kupe, ugonjwa uleule utapita ndani ya mufuko wa damu mupaka kwa mugonjwa. Tena imbwa zetu ni ndogo. Ile ya kilo 12 haitolewe hata robo ya lita. Zinazofaa zaidi ni za kilo 25 na kupita.

Sasa kila mutu anapigana na kupe za imbwa yake peke yake, halafu imbwa inaenda kwa jirani, inarudi nazo. Sisi tunaona dawa ya kupe inunuliwe pamoja, sawa vile tunanunua mbegu, na imbwa zote zitiwe siku moja, kisha tena kila mara veterineri anaposema. Wengine wanasema feza ya koperative si ya imbwa. Basi mahindi yaliyoliwa usiku yalikuwa ya nani?

Tena tuandike katika daftari imbwa 3 ao 4 kubwa, zenye chanjo ya kichaa, ili siku ya shida tusizunguke. Mizani ya kupimia mifuko iko depo. Kwa mukutano ujao, mwenye imbwa kubwa aje nayo.