Fungeni mpaka, halafu?

Kila Ebola ikisikika kwa jirani, pale ofisini kwetu hakosi mtu wa kusema: "Kwani mpaka wanauachia wa nini?" Mimi jamani siafiki.

Kumbukeni Juni 2019. Familia moja ilifiwa na babu kwa Ebola huko Kongo. Wizara ya afya ya Kongo ilieleza kuwa waliokuwa na dalili walizuiwa Kasindi, mpakani, wakatengwa. Baadhi yao wakatoroka na kuvuka kwa njia za panya. Mtoto wa miaka 5 akafia Uganda, kisha bibi yake; mdogo wake wa miaka 3 naye akafia Kongo.

Mpaka haukufungwa, na ugonjwa haukusambaa Uganda. Kwa nini? Wahudumu wa afya karibu 4,700 walikuwa wameshachanjwa hata kabla mgonjwa wa kwanza hajafika. Hilo wengi wetu waandishi tulilipita juu juu.

Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni ndugu. Wanazikana, wanauziana samaki. Ukifunga geti la Mpondwe watavuka tu, ila hutakuwa na wa kumpima joto.

Nilimwambia hivyo mhariri wangu. Akanijibu: "Sawa, lakini 'Fungeni mpaka' inauza gazeti."