Kuta za Thimlich Ohinga

Wengi wetu tukisikia neno ngome hufikiri mara moja Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Juma hili nawapeleka upande wa pili wa nchi, karibu na Ziwa Victoria, kwenye ngome iliyojengwa na wenyeji kwa mikono yao, pasipo chokaa wala saruji.

Nilitoka Homa Bay asubuhi, nikapita Rodi Kopany na Ndhiwa. Mkono wa kulia lilikuwako bonde la Lambwe, nchi ambayo mbung'o waliwazuia watu kukaa kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo wanyama wakapata nafasi, na mpaka leo mbuga ya Ruma ndiyo peke yake katika Kenya yenye paa wakubwa waitwao korongo. Mbele kidogo nikaingia kaunti ya Migori, upande wa Nyatike. Nchi ni kavu, mawe yametapakaa kila mahali, na mkulima wa huko hulima huku akiyaokota. Ukiyaona hayo hutauliza tena wajenzi walipata wapi mawe.

Kwa Kijaluo, ohinga ni boma la mawe, na thimlich ni msitu mnene wa kutisha. Maboma makubwa ni manne, nayo huitwa Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Wataalamu hukisia kuwa yalijengwa yapata karne ya 16. Kimo cha kuta ni mita 1.5 mahali pengine na mita 4.5 mahali pengine, na unene ni mita 1 hata 3.

Nilisimama muda mrefu mbele ya ukuta wa Kochieng, ulio mkubwa kuliko yote. Mawe hayakuchongwa. Fundi alipanga safu ya nje na safu ya ndani, kisha akajaza mawe madogo katikati, yakazishika safu zote mbili. Mlango nao ni wa chini sana, hata mtu mzima hana budi kuinama. Adui aliyeinama hawezi kurusha mkuki, na bawabu alikuwa akimngojea ndani, juu ya kilindo kilichoinuliwa kwa mawe. Mimi mwenyewe niligonga kichwa, nikafahamu vema shabaha ya fundi. Ndani zimo alama za mazizi na za nyumba, na hapo Thimlich wahunzi walifua chuma. Kuna hata mwamba uliochimbwa vishimo vya kuchezea ajua, ambayo ni bao la Wajaluo.

Lililonishangaza zaidi ni kwamba watu walihama, wengine wakaja kukaa, na kila waliokuja waliutengeneza ukuta ambao hawakuujenga wao. Hivyo ulidumu. Serikali iliyahifadhi maboma hayo mwaka 1981, na mwaka 2018 UNESCO ikayaandika katika Urithi wa Dunia.

Lakini Thimlich si pekee. Katika nchi hiyo ya ziwa yamehesabiwa maboma 521, katika mahali 138, na mengi hayana mlinzi. Nilipokuwa nikirudi nilimkuta mzee mmoja ambaye ohinga imo shambani mwake, nusu imeanguka. Nikamwamkia, nikamwuliza, "Jaduong', mawe haya ni mali yako?"

Akajibu, "Mwanangu, shamba ni langu. Mawe niliyakuta."

Akanionyesha pengo. Zamani alitoa hapo mawe machache kwa msingi wa ghala. Mvua ya masika ilipokuja, mawe madogo ya katikati yalimwagika kama mahindi katika gunia lililotoboka, na safu ya nje ikalala chini hatua kumi upande huu na kumi upande ule. Hakuwa ametoa hata torori mbili.

"Sasa mwenye lori anakuja kuuliza bei," akasema. "Amekuja mara mbili. Mara zote nimemwambia arudi baada ya mavuno."

Nikatazama mahindi yake. Yalikuwa yamekwisha kuanza kukauka.