Nusu ya Dozi Ni Msaada kwa Adui

Katika maisha ya kambini imo desturi moja inayodhaniwa kuwa ni jambo dogo. Askari akishikwa na malaria hupewa vidonge vya siku 3. Homa ikishuka siku ya pili, huvikunja vilivyosalia katika karatasi na kuviweka akiba, au humgawia mwenzake wa zamu anayelalamika kichwa. Hufanya hivyo kwa moyo wa udugu. Sisi tunasema desturi hiyo haina budi kukomeshwa, na sababu tutazieleza, maana amri inayoeleweka hutiiwa hata pale asipokuwapo mkubwa wa kuikagua.

Watu wengi hudhani kwamba vijidudu vya malaria huizoea dawa, kama mtu anavyozoea pilipili. Sivyo. Kijidudu hakina akili ya kujifunza. Katika damu ya mgonjwa mmoja mwaweza kuwa na mamilioni kwa mamilioni ya vijidudu, na vile vya malaria kali huzaa kizazi kipya kila baada ya saa 48 hivi. Katika kuzaliana huko hutokea makosa madogo ya urithi, na mara chache huzuka kijidudu kinachostahimili dawa kuliko vingine. Dawa ikiwa haba, huviua vile dhaifu na kuviachia uwanja vile vigumu. Hivyo ndivyo vinavyozaana, na mbu huvipeleka kwa mtu mwingine. Mageuzi ya viumbe aliyoyaeleza Charles Darwin mwaka 1859 hayakukoma zamani. Yanatendeka hata leo katika damu ya askari aliyelala kitandani.

Wazee wetu jeshini wanaikumbuka klorokwini, ile dawa chungu iliyowawasha mwili. Usugu dhidi yake ulianza kuonekana Asia ya Kusini-Mashariki na Amerika ya Kusini mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ukagunduliwa Afrika ya Mashariki. Uchunguzi wa urithi umeonyesha kwamba vijidudu sugu vilivyoenea Afrika vilikuwa na asili ya Asia. Vilivuka mipaka katika damu ya wasafiri, bila pasi wala kibali.

Malawi iliiacha klorokwini mwaka 1993. Utafiti uliotangazwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba huko dawa hiyo ilikuwa imerudi kuponya karibu watoto wote waliopewa. Sababu ni kwamba usugu ni mzigo kwa kijidudu: dawa isipokuwapo, vile visivyobeba mzigo huo huzaana upesi zaidi na kuvishinda. Lakini ilichukua zaidi ya miaka 10, na hakuna taifa linaloweza kuwaambia wagonjwa wake wangoje muda huo.

Dawa tunayoitegemea sasa ina historia inayowahusu wapiganaji. Mnamo Mei 1967 China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya kuwasaidia wanajeshi wa Vietnam ya Kaskazini, waliokuwa wakiangushwa na malaria msituni. Katika mradi huo mtaalamu Tu Youyou na wenzake walipata artemisinini kutoka katika mmea, na mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Leo artemisinini huchanganywa na dawa nyingine, nayo huitwa dawa mseto. Hekima yake ni kwamba kijidudu kinachoiponyoka dawa ya kwanza huuawa na ya pili. Ni vigumu sana kimoja kuzaliwa na kinga dhidi ya zote mbili.

Hata hivyo usugu dhidi ya artemisinini ulithibitishwa magharibi mwa Kambodia kabla ya mwaka 2010. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza dalili zake Rwanda, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba umeonekana kaskazini mwa Uganda. Dawa mseto bado inawaponya wagonjwa walio wengi. Ufa umeonekana, ukuta haujaanguka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo tunatoa mwito. Askari apimwe kwanza, na akikutwa na malaria ameze vidonge vyote kwa saa alizoelekezwa. Vidonge vyake si vya kugawana wala vya akiba. Wakuu wa vikosi wahakikishe kwamba mgonjwa anayepangiwa doria au safari anakwenda na dawa yake, wala hapelekwi mahali atakapoikosa. Chandarua kitumiwe, kwa kuwa kijidudu kisichoingia mwilini hakina nafasi ya kuchujwa na dawa.

Nanyi ndugu polisi mna zamu yenu. Mlanguzi anayeuza dawa bandia, au dawa iliyopunguzwa nguvu, hamwibii mgonjwa fedha tu. Anawagawia wagonjwa wengi nusu ya dozi bila wao kujua, na madhara yake hayataishia katika mji mmoja. Kumkamata ni kulinda uhai wa taifa.

Askari hamwachii adui silaha porini kwa kuwa vita vimetulia siku moja. Basi asimwachie malaria silaha kwa kuwa homa imeshuka.