Usipande Miti kwa Hesabu ya Mwaka Mmoja



Mara nyingi mwenye shamba katika skimu huambiwa, "Uchina yanunua vibanzi vya mbao bila kikomo. Jaza eka zako mikaratusi." Maneno haya yana ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo yaweza kumtia mkulima hasara.

Vibanzi ni vipande vidogo vya mti uliokatwakatwa na mashine ili kutengenezea karatasi. Tangu miaka ya 1960 Japani ilivinunua kwa meli kubwa zilizojengwa kwa kazi hiyo, kwanza kutoka Marekani, baadaye Australia, Afrika ya Kusini na kwingineko. Kwa miaka mingi hapakuwa na mnunuzi mkubwa kuishinda.

Na Uchina? Wakati huo yenyewe ilikuwa ikiiuzia Japani vibanzi! Lakini ilijenga viwanda vikubwa vya karatasi, na baada ya mwaka 2008 ikaanza kununua kwa wingi, hasa kutoka Vietnam. Katika mwaka 2009 biashara ya dunia ilipoyumba, Japani ilipunguza sana manunuzi yake. Mwaka 2020 ikapunguza tena. Leo Uchina ndiyo ya kwanza.

Basi tazameni. Mtu aliyesoma hesabu za mwaka 2005 peke yake angesema Uchina si soko. Anayesoma za leo peke yake aweza kusema Japani haina maana, ingawa bado ni mnunuzi mkubwa. Wote wawili wamekosea, kwa sababu mwaka mmoja hauonyeshi njia ya soko. Mkaratusi wataka miaka kadhaa kabla ya kukatwa, na mnunuzi wa siku ya kupanda huenda asiwe mnunuzi wa siku ya kuvuna.

Liko jambo la pili, nalo ni uzito. Mkulima wa mahindi ajua kwamba gunia la mahindi mabichi si sawa na gunia la kilo 90 lililokauka vizuri. Vibanzi ni vivyo hivyo. Karibu nusu ya uzito wa mti mbichi ni maji, kwa hiyo tani 2 mbichi zaweza kuwa tani 1 tu kavu. Mtu akilinganisha tani mbichi za nchi moja na tani kavu za nchi nyingine, amelinganisha maji na mti.

Sisemi msipande miti. Kuni, nguzo na mbao zina wanunuzi hapa hapa kwetu. Pandeni kwenye mipaka na sehemu zisizofaa mazao, mbali na mito na chemchemi. Lakini eka ya mahindi, viazi au majani ya ng'ombe msiitoe kwa ajili ya habari ya meli.

Akija mtu na tarakimu zake, muulizeni: Ni za miaka mingapi? Ni tani mbichi au kavu? Nani atalipa gari mpaka bandarini, maana vibanzi ni mzigo mkubwa wenye bei ndogo? Asipojibu, mwageni kwa heshima.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: daftari la ukurasa mmoja si daftari.