Tablete ikizimika, nani atashusha sauti?

Mwezi wa nane uliopita nilikuwa kwenye feti ya ndoa hapa Likasi, katika ukumbi mmoja wa komine ya Kikula. Baba wa bibi-arusi alikuwa amesimama na mikro, anawapa watoto mashauri, wakati larseni ilipoanza, ile sauti kali kama filimbi inayofanya watu wote wazibe masikio. Kila mtu aligeuka kumtazama kijana wa sono. Kijana alikuwa ameshika tablete, anagusa kioo, anagusa tena. Kioo kilikuwa kimeganda. Hakukuwa hata kifungo kimoja cha kuvuta chini. Mwishowe alikimbia nyuma ya jukwaa akachomoa waya wa umeme, na ukumbi mzima ukanyamaza. Mzee alimaliza mashauri yake kwa mdomo mtupu. Sisi tuliokaa nyuma hatukusikia neno.

Kwa asiyejua kazi hii: meza ya sauti tuliyoizoea ina vifungo vya kusukuma, kimoja kwa kila mikro na kila chombo. Siku hizi meza yenyewe imeondolewa. Kimebaki kisanduku kidogo kinachopokea nyaya zote, na amri zinatolewa kwenye tablete kwa njia ya Wi-Fi. Mackie ilileta DL1608 mwaka 2012, ambapo iPad ililazwa juu ya chombo chenyewe. Baadaye zikaja XR18 ya Behringer na Ui ya Soundcraft, ambazo hazina kabisa safu ya vifungo vya kusukuma.

Sauti haipiti ndani ya tablete. Inapita ndani ya kisanduku, na tablete ni kama rimoti ya televisheni tu. Kwa hiyo tablete ikizimika, sauti haikatiki. Inaendelea vilevile ilivyokuwa, na kama ilikuwa inapiga larseni, itapiga larseni mpaka mtu achomoe waya. Jambo hili wauzaji hawalisemi, na makanisa yanayochangisha pesa ya sono mpya hayaliulizi.

Sitadanganya, faida zipo. Kisanduku kinaingia katika mfuko wa mgongoni na kijana anapanda nacho moto. Meza kubwa yenye njia kumi na nane inaomba gari na watu wawili wa kubeba. Tena fundi anaweza kutembea hadi benchi la mwisho, asikie anachosikia mama aliyekaa pale, na kurekebisha papo hapo. Kwa kazi hiyo tablete inashinda meza yoyote. Wala sisemi turudi mwaka 1952, wakati Hugh Tracey alipomrekodi Jean-Bosco Mwenda hapa hapa, mji ukiwa bado unaitwa Jadotville, gitaa moja na mwimbaji mmoja.

Lakini vyombo hivi havikufikiriwa kwa ajili ya maisha yetu. Chukua umeme. Mabwawa ya Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira si mbali nasi, na bado delestaji tunaijua kama jina la mtoto wetu. Umeme ukikatika katikati ya ibada na jenereta ikawashwa, meza ya zamani inarudi palepale, vifungo viko mahali vilipoachwa. Kisanduku kinapaswa kwanza kuamka, kisha ruta nayo iamke, kisha tablete itafute tena mtandao wake. Dakika moja, pengine mbili au tatu. Mbele ya jeneza, dakika tatu za kimya cha namna hiyo ni ndefu mno.

Chukua pia watu wenyewe. Asubuhi fundi anajaribu katika ukumbi mtupu, kila kitu kinakwenda vizuri. Saa moja ya usiku wameingia watu mia nne, kila mmoja na simu yake, wengine wamefungua mtandao wa kugawana. Mawimbi ya Wi-Fi yanasongamana, na mwili wa mtu una maji mengi, maji yanameza mawimbi hayo. Tablete iliyotii asubuhi inakataa usiku. Fundi anaonekana mjinga, na yeye mwenyewe hajui kwa nini.

Joto nalo lipo. Apple yenyewe inaandika kwamba iPad itumike mahali penye joto la kati ya digrii 0 na 35. Mwezi wa kumi, kwenye kilio cha nje, jua likipiga kioo cheusi, digrii hizo zinapitwa kabla ya saa sita, na tablete inajizima ili kujilinda. Inajilinda yenyewe, si kilio chako.

Na umri. Mackie walipotoa DL1608 walitumia kiunganishi cha iPad za wakati huo. Mwaka uleule wa 2012 Apple ikabadilisha kiunganishi, na wenye vyombo vipya kabisa wakajikuta iPad mpya haikai tena mahali pake. Hiyo ilitokea Marekani na Ulaya, kwa watu wenye duka karibu. Hapa kwetu tablete nyingi ni za mkono wa pili, na nyingine bado zimefungwa na akaunti ya mtu asiyejulikana. Meza ya parokia iliyotumika miaka ishirini, kifungo chake kikichakaa fundi wa mtaani anakifungua, anakisafisha, anachoma risasi kidogo, kazi inaendelea. (Kobalti ya betri za tablete hizo inachimbwa katika udongo wetu, lakini hiyo ni habari nyingine.)

Anayetaka kutumia tablete atumie, ila iwe ya kazi hiyo tu: isiyo na laini ya simu, isiyo na WhatsApp, isiyo na michezo ya watoto. Ruta iwe ya pembeni yenye nguvu, si ile ndogo ya ndani ya kisanduku. Kompyuta ya zamani iunganishwe kwa waya, ikae tayari. Na mikro ya msemaji mkuu ipitie meza ndogo ya vifungo, hata ya njia nne tu, kabla ya kuingia kwenye kisanduku. Hapo mkono wa mtu unaweza kuishusha hata kama mtandao wote umekufa. Kamati ya kanisa inayonunua kisanduku bila vitu hivi imenunua nusu ya sono kwa bei ya sono nzima.

Kijana wa ile feti hakulipwa nusu ya pili ya pesa yake. Familia ilisema kazi haikumalizika. Yeye anasema kosa ni la tablete, na tablete yenyewe si yake, aliazima kwa dada yake.