Tumbo Lisilo na Jeraha

Hakuna neno linaloniudhi katika zahanati zetu kama hili: "Hana jeraha." Shemeji yangu aliambiwa hivyo jioni moja ya mavuno, alipoanguka na baiskeli iliyobeba gunia la mpunga kwenye barabara ya Idete, usukani ukamgonga ubavuni kushoto bila kutoboa ngozi. Alipewa dawa ya maumivu akarudi nyumbani kwa miguu. Usiku akasema bega la kushoto linamuuma. Sisi tukamkanda bega! Asubuhi viganja vyake vilikuwa vimepauka, na hospitalini Ifakara walipomfungua walikuta bandama imepasuka na tumbo limejaa damu. Hakuamka.

Ndugu msomaji, Idete si mahali pa kushangazwa na bandama. Bonde la Kilombero ni nchi ya malaria, na bandama iliyovimba kwa homa za miaka hupasuka hata kwa pigo dogo. Ni Idete hiyo hiyo ambako watoto walijaribiwa chanjo ya malaria ya SPf66, matokeo yakachapishwa mwaka 1994 katika jarida la Lancet. Siwalaumu watafiti, kazi yao ilikuwa halali. Lakini kijiji kinachojulikana na wataalamu wa dunia nzima kwa sababu ya malaria, kwa nini majeruhi wake asibonyezwe tumbo?

Nitajibiwa kwamba hakuna ultrasaundi. Kweli, mashine ile huonyesha damu tumboni kwa dakika chache, na iletwe. Lakini mkono upo, saa ipo, kipimo cha presha kipo. Tatizo ni kupima mara moja na kuridhika. Presha ya kijana mwenye nguvu husimama vizuri mpaka damu nyingi imekwisha kumwagika. Hata wingi wa damu ukipimwa saa ya kwanza huweza kuonekana salama. Kinachotangulia kusema ni mapigo ya moyo yanayokwenda yakiongezeka, tumbo linalozidi kukakamaa, na bega la kushoto lisilogongwa na kitu. Mambo hayo hayaonekani kwa mtu aliyekwisha kurudishwa nyumbani. (Habari za kudai fomu ya polisi kwanza, ile PF3, naziacha, hasira yangu haitatosha ukurasa huu.)

Alazwe kwenye benchi, apimwe kila baada ya robo saa, na gari litafutwe kabla giza halijaingia. Daftari la siku ile nililiona: presha imeandikwa mara moja tu, nayo ilikuwa nzuri.